Wewe ni Mtoto wa Ngapi?

Swali la nne kwenye fomu ile lilikuwa fupi kuliko yote: wewe ni mtoto wa ngapi kwa mama yako? Nikaandika moja. Sikusita hata kidogo, na hilo ndilo linalonitisha nikilikumbuka, kwa sababu mimi ni wa pili. Nilizaliwa wa pili, na kwa miaka hamsini na miwili nimekuwa nikijibu moja, shuleni, kanisani, kazini, hospitalini, mpaka mkono umezoea kudanganya bila kuniuliza.

Aliyeniingiza kwenye mambo ya fomu ni dada yangu, kitinda mimba wetu, mwenye duka la dawa hapa Bukoba mjini. Huyo ni mtu wa kucheka. Akienda msibani, watu wanasogea karibu naye ili wapate nafuu. Alinipigia simu asubuhi moja nikiwa nakata majani makavu ya migomba.

"Kaka, kuna binti amekuja kutoka chuo kikuu, anatafuta ndugu wa tumbo moja, wa kwanza na wa mwisho. Anataka mate yetu."

"Mate?"

"Mate, kaka. Anataka kuyapima aone kama tunashtuka sawasawa."

"Mwambie mimi sishtuki."

"Hicho hicho ndicho anachotaka kujua. Kwamba hushtuki kwa sababu ulizaliwa mkubwa, au kwa sababu ya ukorofi tu."

Nilikubali kwa kuwa nimestaafu na siku zangu ni ndefu. Pia kwa sababu nyingine ambayo sikumwambia.

Binti mwenyewe alikuwa mpole, mgeni wa huku, amezaliwa Morogoro, na alinieleza kazi yake kwa Kiswahili kilichonyooka. Mwili wa mtu ukikutana na jambo la kuushtua, alisema, humwaga homoni fulani kwenye damu, na homoni hiyo huonekana hata kwenye mate. Yeye alitaka kujua kama mtoto wa kwanza na mtoto wa mwisho huimwaga kwa kiasi kimoja. Wako wanaosema wa kwanza hulelewa na wazazi ambao bado ni wageni wa kazi hiyo, wana hofu, na hofu yao humwingia. Wako wanaosema wa kwanza hubebeshwa mizigo mapema, akakomaa, na mwili wake ukaacha kubabaika. Nikamuuliza yeye anaamini lipi.

"Ndiyo maana tunapima, mzee," akasema.

Jaribio lilifanyika kwenye chumba cha kukodi, ndani ya jengo la zamani karibu na soko, lile ambalo zamani lilikuwa duka la vitambaa la familia moja ya Kihindi iliyokwisha kuhama. Nyuma ya meza walikaa watu watatu wenye makoti meupe, wameagizwa wasitabasamu. Wakaniambia nijieleze kwa dakika tano kwa nini nastahili kupewa kazi. Mimi, mstaafu. Nimeitumikia migomba na mibuni kwenye kituo cha utafiti wa kilimo pale Maruku miaka thelathini na moja, nimepekua majani kutafuta ugonjwa mpaka macho yamechakaa, halafu kijana ambaye ndevu zake hazijajipanga ananikodolea macho eti nimshawishi. Nikajieleza. Kisha wakaniambia nihesabu kurudi nyuma kuanzia elfu moja, nikipunguza kumi na tatu kila mara, na nikikosea nianze upya. Binti yule alikuwa akinipa kijiti cha pamba nikitie mdomoni kiloe, kisha anakichukua na kukifungia kwenye kichupa chenye namba yangu. Alinipa kabla, alinipa baada, akanipa tena baada ya nusu saa.

Dada alitoka chumbani humo jasho linamtiririka, anacheka na kufuta machozi.

"Mimi nimefika mia tisa themanini na saba," akasema, "nikawaaga."

"Hiyo ni hatua ya kwanza tu."

"Ndiyo hiyo hiyo. Mdomo ulikauka, kaka, hata mate waliyoyafuata hawakuyapata. Wewe je?"

"Nilivuka mia nne."

"Na hukuogopa?"

"Niogope nini, watoto wale?"

Akamgeukia binti wa chuo, akanionyesha kwa kidole. "Umemwona? Huyu ndiye mkubwa wetu. Radi ikipiga, mimi naingia chini ya kitanda, yeye anatoka nje kuanua nguo. Ndivyo alivyozaliwa." Binti akaandika kitu kwenye daftari lake, na mimi nikatazama pembeni.

Dada alipokwenda kunawa uso, nilibaki na binti ukumbini. Nikamuuliza swali langu, lile nililolifuata.

"Kuna miili inayosimama?"

"Kusimama vipi, mzee?"

"Mtu ameitwa. Anatakiwa aende, na anajua anatakiwa aende. Miguu inakataa."

Aliniangalia vizuri zaidi. "Ipo. Kuna mwili unaopambana, kuna unaokimbia, na kuna unaoganda. Kuganda nako ni jibu la mwili. Siyo mtu anachagua."

"Na hayo mate yangu yanaweza kuonyesha kama mimi nilizaliwa wa kuganda?"

Alisikitika kweli, nilimwona. Akasema majibu ya mtu mmoja mmoja hayatolewi, na hata yangetolewa, homoni peke yake haiwezi kusema hivyo. Nikamshukuru. Lakini niliumia, tena niliumia kama mtoto. Nilikuwa nimetaka karatasi. Nilitaka karatasi yenye mhuri inayosema kwamba mtoto mmoja wa miaka tisa hakuwa mwoga, alikuwa na mwili wa namna fulani tu, na kwamba asilaumiwe.

Sasa niseme jambo lenyewe.

Nyumbani kwetu ni Muleba, kwenye mwinuko, na ukisimama uwanjani unaona mvua ikitoka ziwani muda mrefu kabla haijakufikia. Kaka yangu alikuwa na miaka kumi na mmoja, mimi tisa. Mama alikuwa na mimba ya dada yetu huyu anayecheka, mimba iliyongojwa miaka mingi. Baba alikuwa amejikata mguu kwa panga akipunguza migomba, akawa amelala chumba cha ndani wiki ya pili, ana homa na hawezi kukanyaga. Uwanjani kulikuwa na majamvi matatu ya kahawa ya maganda, imekaribia kukauka, na kila mtu huku anajua kahawa iliyokaribia kukauka ikilowa inaoza.

Mawingu yalikuja alasiri. Ngurumo ya kwanza ilikuwa mbali, ya pili ilikuwa juu yetu. Radi kwetu ni jambo la mlangoni. Kila kijiji kina mti wake iliyoupasua, au ng'ombe wake, au mtu wake. Nikasikia sauti ya baba kutoka chumbani. Aliita jina langu. Akasema, nenda kaanue kahawa, upesi.

Nilitoka mbio hadi mlangoni na pale nikasimama. Nakumbuka mapaja yalikuwa ya baridi, na ulimi ulikuwa mzito, na nilikuwa naona vizuri sana, vizuri kuliko siku zote: chembe za kahawa moja moja, kuku akipita, mparachichi pembeni mwa uwanja ukiwa hautikisiki. Niliiambia miguu iende. Haikwenda. Kaka alikuwa sebuleni anapukuchua maharage, akainua kichwa, akaniona, akacheka.

"Umeota mizizi?" akaniuliza.

Akanisukuma kwa bega, akapita. Alikunja jamvi la kwanza na kulikokota hadi barazani, karibu kabisa na miguu yangu. Akarudi kuchukua la pili. Ndipo kukawa na mwanga. Watu walisema mlio ulisikika hadi ng'ambo ya bonde. Mimi mlio sikuusikia, na mpaka leo sijausikia.

Wazee wa upande wa baba walifika kabla mvua haijakatika. Walikuwa na msimamo wao juu ya mambo ya namna ile, na siku hiyo hakuna aliyethubutu kuwapinga, wala katekista hakuitwa. Aliyepigwa na radi haliliwi. Halazwi ndani, hakuna matanga, na tangu siku hiyo hatajwi wala hahesabiwi tena kati ya watoto wa nyumba hiyo, kwa sababu ukimlilia au ukimtaja unaielekeza radi njia ya kurudi. Akazikwa jioni ileile ukingoni mwa kibanja, shamba letu la migomba. Mama alishikwa na wanawake wawili, mmoja akamziba mdomo kwa kiganja chake. Hakumziba kwa ubaya. Alimziba kwa ajili ya mimba. Niliyaona macho ya mama juu ya kiganja kile, na hayakuwa yakimtazama yule mwanamke, yalikuwa yakinitazama mimi.

Asubuhi baba aliita, "Mkubwa." Nikageuka kumtazama kaka, ili aitike.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa wa kwanza. Nilipewa nafasi yake ya kukaa, kisha shati lake la shule, kisha mambo yake yote. Nilijifunza kuwa mkubwa kama nilivyojifunza Kiswahili, darasani, kwa kuchelewa na kwa fimbo. Radi ikipiga nilijilazimisha kutoka nje. Mara za kwanza nilitapika. Baadaye nikazoea, na watu wakaanza kusifu, wakasema ndivyo walivyo watoto wa kwanza, wana moyo. Baba alipofariki, miaka kumi iliyopita, ukoo ulikaa, na nikatajwa mimi kuwa omusika, mrithi mkuu, nikakabidhiwa nyumba na kibanja kilichoizunguka. Nilisimama mbele yao nikashukuru. Ndani nilikuwa najiambia, umerithi kwa kuogopa.

Kaka haji usiku kama watu wanavyosimulia habari za wafu. Mimi hunijia mchana. Mtu akiniita mkubwa, huwa nangoja kidogo kabla sijaitika, nimpe yeye nafasi. Miaka ya mwanzo ya ndoa yetu mke wangu alidhani nina matatizo ya masikio, akanipeleka hospitali kupimwa, na daktari akasema nasikia vizuri sana. Huwa namwona pia nikiingia nyumbani Muleba, si kivuli wala sura, ila nasikia bega linanigusa nikiwa mlangoni. Ana miaka kumi na mmoja. Mimi nimezeeka, nina wajukuu wakubwa kuliko yeye, na bado ananicheka.

Dada hakuyajua haya. Alijua juujuu tu kwamba kuna mtoto alitangulia kufa, akadhani ni mchanga, kama walivyo katika nyumba nyingi. Hakuwahi kuuliza, na sisi hatukuwahi kusema. Nilichoamini mimi ni kwamba watu wawili tu walijua nani aliitwa siku ile, baba na mimi. Mama alikuwa jikoni, na jiko letu lilikuwa nyuma ya nyumba. Baba aliondoka duniani bila kunigusia neno hilo, na sikuwahi kujua kama alinihurumia au alinichukia.

Wiki moja baada ya jaribio binti wa chuo alinipigia simu. Akasema kuna kanuni moja ya utafiti wao: mpangilio wa kuzaliwa lazima uthibitishwe na mama mzazi, kama yu hai, maana watu hukosea kuliko unavyodhani. Dada alikuwa amebanwa na zamu ya duka. Je, mimi ningeweza kumpeleka, na kumtafsiria?

Ningeweza kukataa. Ningeweza kusema mama amechoka, na kwa miaka yake themanini na mitatu ingeaminika. Lakini usiku ule sikulala vizuri, na kulipopambazuka nilikuwa nimeamua. Mama alikuwa anakonda kila mwezi. Kama kuna siku ya kumwambia kwamba mtoto wake alikufa kwenye nafasi yangu, na kumwomba msamaha, ilikuwa hiyo, kabla hajaondoka na yeye kama baba.

Tulikwenda kwa gari langu. Kemondo nilisimama kununua samaki ambao sikuwa na haja nao. Mbele kidogo nikasimama tena kukagua tairi lililokuwa zima kabisa. Binti alikuwa na adabu, mara ya pili aliniuliza tu kama mama anajua Kiswahili.

"Anakisikia kuliko anavyotaka ujue," nikamwambia. "Lakini jambo zito hulijibu kwa Kihaya."

Tulimkuta mama sebuleni, ameketi kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, shuka mabegani. Nikamsalimia kwa heshima yake, akanishika mkono na hakuuachia haraka. Mgeni akapewa kiti, akaletewa kikapu kidogo chenye buni za kutafuna, zile zilizochemshwa na majani na kukaushwa, ambazo mgeni kwetu hanyimwi. Binti akatafuna moja, akakunja uso, mama akafurahi.

Kisha binti akafungua fomu. Akauliza kwa upole: mama, umezaa watoto wangapi, na wamefuatana vipi?

Mama akanitazama. "Anasema nini?"

Alikuwa amesikia. Nikamtafsiria hata hivyo.

"Muulize anataka waliopo au niliowazaa."

Nikauliza. Binti akasema wote waliozaliwa wakiwa hai. Nikamrudishia mama neno hilo, na sauti yangu ikanishangaza kwa utulivu wake, ilikuwa ileile niliyowahesabia wale wa makoti meupe.

Mama akajifunika shuka vizuri mabegani. Kisha akasema kwa Kihaya, "Watatu. Wa kwanza mvulana. Yuko pale." Akaelekeza kidevu ukingoni mwa kibanja. Akalitaja jina lake. Sikuwa nimewahi kulisikia mdomoni mwake tangu kiganja kile kilipouziba, na nililia hapohapo, mtu mzima, mbele ya mgeni.

Binti akaweka kalamu chini. Nikaona ni sasa, au basi tena.

"Mama," nikasema kwa Kihaya, "siku ile baba aliniita mimi. Mimi ndiye niliyetumwa. Nikasimama mlangoni, miguu ikanikatalia, akaenda yeye. Nimekuja kukuomba unisamehe."

"Najua uliitwa wewe," akasema.

"Baba alikwambia?"

"Babako hakuniambia kitu. Nilikuwepo chumbani. Mvua ilipoanza kunuka niliacha jiko nikaingia kwa mlango wa nyuma." Alikuwa ameanza kuvuta nyuzi za pindo la shuka, moja moja. "Babako alimwita kaka yako. Alimwita kwa sauti ndogo kwa sababu ya homa, nyie hamkusikia. Kabla hajarudia nilimwekea mkono kifuani. Nikamwambia, mwana wangu huyo ni omusika wako, omusika hatumwi kwenye radi. Tuma wa pili. Ndipo akakuita wewe."

Nilisikia kila neno. Nilimwomba arudie, si kwa kuwa sikusikia. Hakurudia. Akaendelea mbele.

"Nilikuwa na mmoja tumboni na mmoja wa kurithi. Katikati ulikuwepo wewe. Nilikutoa wewe, Mungu akamchukua yule. Nikamwambia babako akuite mkubwa, asikuite kwa jina, ili usije ukajua kwamba katika nyumba hii kulikuwa na mtoto wa kutumwa." Akaukata uzi mmoja. "Kila ukiingia kwa mlango ule naona umerudi."

Binti alikuwa anatungoja. Alitutazama mmoja baada ya mwingine, kalamu ameishika tena.

"Pole sana, mzee," akasema. "Mama anasema nini?"

"Anasema mimi ni wa pili."

"Wa pili?"

"Wa pili kati ya watatu. Wa kwanza alifariki akiwa na miaka kumi na mmoja."

Akaniomba radhi mara mbili. Akaeleza kwamba utafiti wao ni wa watoto wa kwanza na wa mwisho tu, wa katikati hawamo, kwa hiyo itabidi aniondoe, na dada yangu naye, maana tulikuwa jozi. Vichupa vyetu havitapimwa. Nikamwambia aniondoe. Akapiga mstari juu ya namba yangu kwa rula, kwa uangalifu, kisha akatoka nje kupiga simu, nadhani alitaka kutuacha.

Mama akaniuliza, "Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Yote?"

"Yote," nikasema. Nilidanganya.

Akaushika tena mkono wangu. Hakuomba kwa maneno, watu wa umri wake hawamwombi mtoto kwa maneno, lakini alikaa ameushika na kunitazama mdomo, na nilijua anangoja nini. Nami nilikuwa nimekasirika. Nina miaka sitini na mmoja, na nilimkasirikia bibi kizee asiyeweza kusimama bila kushikwa, nilimkasirikia mpaka meno yakauma. Nusu karne nimekwenda nje kwenye radi kulipa kosa langu, na kumbe kabla sijakosa nilikwisha kutolewa. Nikauchomoa mkono polepole, nikasema ngoja nimwangalie mgeni.

Njiani kurudi binti alilala. Jioni dada alikuja nyumbani ametuna, anataka kujua kwa nini ametolewa kwenye utafiti baada ya kuaibika kiasi kile.

"Kwa sababu mimi si wa kwanza," nikamwambia. "Mimi ni wa pili."

Hakucheka. Akauliza jina la yule wa kwanza, nikamtajia, akalirudia taratibu ili asilisahau. Akauliza alikufaje, nikamwambia radi. Lililobaki sikumwambia, kwa sababu yule wa tumboni alikuwa yeye, na asingejua aliweke wapi.

Nimelifikiria sana jambo la mwili wangu. Binti alisema kuganda siyo kuchagua. Basi siku ile nyumbani kwetu aliyechagua alikuwa mmoja tu, na alichagua kwa hesabu ya kuzaliwa: huyu wa kwanza, huyu wa pili. Sijui kama damu ya wa pili inashtuka tofauti na ya wa kwanza. Najua kwamba hesabu ile aliijua mama, aliijua baba, na labda, kwa namna ambayo mtoto hujua kitu bila kuambiwa, miguu yangu nayo ilijua. Kaka hakujua. Aliona tu mdogo wake anatetemeka, akapita.

Kila Jumamosi naenda Muleba. Nampelekea sukari, samaki, na dawa zake za presha kutoka kwa dada. Tunaongea habari za migomba na za majirani waliougua. Yakiisha hayo anautazama mdomo wangu. Neno lenyewe ni moja, nalijua kwa Kihaya na kwa Kiswahili, na ni neno nililolibeba mimi mwenyewe miaka hamsini na miwili nikitaka kuambiwa. Jumamosi iliyopita nilivuta pumzi nilitamke. Mama alingoja, nikasikia pumzi yake imesimama. Kisha akaniambia nianze safari kabla giza halijaingia, na nikaondoka.